Kikombe cha Chifu

Shemeji Kioko tulimzika mwezi uliopita, na katika ile wiki ya maombi kabla ya mazishi, nyumbani kwake Uthiru, nilisifiwa mbele ya watu kwa jambo ambalo sikulifanya. Tulikuwa tumekaa chini ya hema, viti vya plastiki, chai ya maziwa imeshapita mara mbili, na mzee mmoja aliyefanya kazi naye wizarani akasimama kutoa ushuhuda. Akasema Kioko alikuwa mtu wa utaratibu. Akasema kijana mpya akiruka hatua kwenye faili, Kioko hakumfokea. Alimkalisha chini akamwambia habari za shemeji yake, msichana wa miaka kumi na tisa, aliyepewa mbwa amlishe kwa kipimo, akamlisha wiki sita bila kuzidisha hata punje. "Nasikia huyo shemeji yuko hapa leo," mzee akasema. Dada yangu Ndinda, mjane wa siku nne, akanyoosha kidole kunionyesha, analia na kutabasamu kwa pamoja, na watu wakageuka, wengine wakapiga makofi. Makofi matangani, jamani! Mimi nikainamia mandazi yangu. Nina miaka hamsini na kitu, nimechapa barua za watu maisha yangu yote na kutunza siri zao, na hii yangu sijawahi kumwambia mtu.

Habari za ukoo nitaziruka. Anayetaka kujua nani alimzaa nani, Ukambani kuna wazee watakaomweleza mpaka akome. Itoshe kusema kwamba mwaka huo nilikuwa nasoma uhazili mjini, orofa ya nne juu ya duka la viatu, na nililala kwa Ndinda, Uthiru, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyozunguka ua wa saruji wenye mfereji mmoja wa maji. Wao walikuwa na vyumba viwili. Mimi nililala kwenye kochi la sebuleni, nyuma ya pazia la maua, na kati yangu na wao kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba kiasi kwamba shemeji akipiga mwayo, na mimi napiga. Kila walichosemezana nilikisikia, na vingine sikuvitaka. Walikuwa wameoana miaka mitatu na mtoto hakuwa amekuja. Jambo hilo halikuzungumzwa mezani hata siku moja, lakini alfajiri, kabla ya jiko kuwashwa, nilisikia Ndinda akiuliza, "Na kama ni mimi?" na shemeji akijibu, "Lala kidogo, bado mapema."

Chifu alikuja kwa sababu ya wezi. Waliingia mchana kweupe, watu wako kazini, wakachukua redio ya jirani na nguo zote kambani, pamoja na suruali ya shemeji ya kanisani, ikiwa bado inadondosha maji. Shemeji aliumia kwa ile suruali kuliko alivyoonyesha. Bosi wake alikuwa akikaa Hurlingham, kwenye nyumba ya mabustani, na jike lake kubwa la mbwa, wale wa kizungu wenye kichwa kama ndoo, lilikuwa limezaa. Jumamosi moja shemeji akaingia getini na katoni mikononi. Akaiweka katikati ya ua, na ndani yake kikatoka kitu cha kahawia chenye miguu mikubwa kupita kiasi, kikakaa chini, kikatutazama mmoja mmoja. Mama Nafula, jirani yetu wa mlango wa pili, Mluhya wa Kakamega mwenye sauti ya kuamsha ploti nzima, akaweka ndoo chini akasema, "Ona venye amekaa! Huyu ni chifu. Mletee kesi asikize." Jina likabaki hapo.

Shemeji hakuchekacheka. Aliita watu wa ploti akatangaza sheria kabla ya mtoto wa watu hata kukojoa. "Hii ni mbwa ya ulinzi, si ya kuchezewa. Atakula mara moja, jioni, bakuli moja, halafu tunamfungulia. Mbwa akishiba analala, na mwizi anaingia anakuvua hata blanketi yenye umejifunika." Watu wakaitikia ndiyo. Hivyo ndivyo mbwa walivyolishwa Uthiru yote. Mbwa wa kila ploti alikuwa mbavu na meno tu, na mwenye mbwa mnene alichekwa kwamba amefuga mto wa kulalia. Ndinda akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini si huyu bado ni mtoto?" Shemeji akasema, "Ndiyo azoee mapema."

Basi, sheria ikakaa siku mbili. Ya tatu nilitoka mjini na nusu chapati niliyoshindwa kuimaliza, na Chifu akanipokea getini akitikisa mwili mzima, kwa sababu mkia peke yake haukumtosha. Ungefanyaje wewe? Kesho yake nikamletea chapati nzima. Halafu nikazoeana na mpishi wa hoteli moja karibu na chuo, nikawa namwomba mifupa na nyama za kukwangua. "Za mbwa?" ananiuliza kwa sauti, wateja wasikie. "Za mbwa," namjibu. Na hoteli nzima inacheka, maana mjini kila mtu anayeomba mifupa ya mbwa anajulikana anaenda kuichemsha na kitunguu. Sikujali. Nilibeba nailoni yangu hadi Uthiru, nikammwagia Chifu nyuma ya bafu, nikasimama pale kama mlinzi mpaka amalize. Nilijiona ndiye rafiki yake wa pekee katika dunia ya watu wakatili.

Akakua. Weee, akakua! Ukienda chuo asubuhi na kurudi jioni unamkuta ameongezeka. Miezi mitano, na watoto wa ploti wanamshika mgongo bila kuinama. Watu wa mtaani walikuwa wanasimama getini kumtazama, na shemeji, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akawa anatafuta sababu ya kusimama naye hapo. "Unampa nini huyu?" wanamuuliza. "Bakuli moja, jioni," anasema, kifua mbele. "Ni mbegu tu. Mbegu nzuri haihitaji makuu." Nami ndani nacheka, nikifikiri, ungejua, shemeji, ungejua.

Aliyeona kwanza ni Ndinda. Alikuwa anafua, akaacha sabuni mkononi. "Mwende, hebu tazama miguu ya mbele." Niliitazama. Ilikuwa imeanza kupinda nje kwenye kifundo, na Chifu akisimama alikuwa akihamisha uzito, mguu huu, mguu huu, kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Baada ya wiki mbili akawa anachechemea. Baada ya mwezi akawa analala kutwa, na kuinuka kwake kukawa na hatua: kwanza kichwa, halafu anatulia, halafu mbele, anatulia tena, halafu anatoa sauti ndogo ambayo mpaka leo nikiikumbuka naweka chini nilichokishika. Kila mtu akawa na dawa. Anakosa nguvu, wakasema, aongezewe uji. Anakosa mifupa, apewe mifupa. Na sisi tukasikia, kila mmoja kwa siri yake.

Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo upande wa Kabete, Jumamosi asubuhi, ndani ya wilbaro ya fundi wa ujenzi, shemeji akisukuma, Ndinda na mimi tukishika huku na huku, na Mama Nafula nyuma akiwaambia wapita njia, "Hamjawahi kuona mgonjwa?" Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye koti lenye mfuko uliochanika. Alimpapasa Chifu kiungo kwa kiungo, polepole, kisha akauliza swali moja. "Anakula kiasi gani kwa siku?"

"Bakuli moja," shemeji akasema. "Jioni."

Daktari akamtazama Chifu, akamtazama shemeji. "Bakuli gani? Ama ni karai?"

Mama Nafula akashika kifua. "Daktari, Mungu ananiona, siwezi danganya. Mimi napikia watu wa mjengo kule Kilimani. Ugali ikibaki, maharagwe ikibaki, naleta. Nampa asubuhi nikitoka. Sufuria ndogo tu." Alionyesha kwa mikono, na sufuria yenyewe haikuwa ndogo. Ndinda akasema, akitazama sakafu, kwamba saa nne humpa uji wa maziwa, na kwamba miguu ilipoanza kupinda alienda dukani kwa pembejeo akanunua ile chumvi ya madini ya ng'ombe wa maziwa, akawa anamtilia vijiko viwili, kwa ajili ya mifupa. Mimi nikasema kuhusu hoteli. Tukadhani imeisha. Shemeji akakohoa. "Ijumaa," akasema, "kuna mtu wa bucha hunipea matumbo." Ndinda akageuka akamwangalia mumewe kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona. "Ijumaa gani, Kioko?" "Ijumaa zote."

Ningependa kusema tulicheka. Mama Nafula alianza, akaacha. Daktari aliweka kalamu chini akatueleza taratibu, kama anayewaeleza wazazi. Mbwa wa aina hii, alisema, mwili wake ukilishwa sana unakimbia mbele, mifupa inabaki nyuma ikiwa laini, inapindishwa na uzito. Na ile chumvi ya ng'ombe imeharibu zaidi badala ya kutengeneza. "Mtoto wa mbwa mkubwa halishwi kwa macho," alisema. "Macho yake yatakudanganya mpaka siku ya mwisho. Atakuangalia hivyo hata akiwa ameshiba." Shemeji akauliza kuna dawa gani. "Dawa ni njaa kidogo. Wiki sita. Akipungua kilo tano, sita, viungo vitapata nafasi na tunaweza kumwokoa. Akiendelea hivi hataweza kusimama, na mbwa asiyeweza kusimama si wa kuachwa ateseke." Akatoa kikombe cha plastiki, cha manjano, akakipiga mstari wa kalamu karibu na katikati. Unga hadi hapo, upikwe na dagaa wa omena kiganja kimoja. Asubuhi hivyo, jioni hivyo, na kingine chochote ni sumu.

Jioni hiyo shemeji alikusanya ploti nzima mara ya pili, na safari hii hakutangaza, aliomba. Kila mmoja akaahidi. Akasema kipimo lazima kiwe mkononi mwa mtu mmoja, na huyo mtu ni Mwende, kwa sababu Mwende ni msomi na hana huruma za ovyo. Akanipa kikombe na ufunguo wa kabati la unga. Nilijivuna, sitaficha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema wahenga. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Siku tatu nilipima sawasawa, nikipitisha kidole juu ya mstari ili unga ukae tambarare. Siku ya nne asubuhi Chifu alimaliza chakula chake kwa mafunda manne, akalamba bakuli mpaka likasogea likagonga ukuta. Halafu akaliuma ukingoni, akainuka kwa zile hatua zake, akalileta kwangu. Hakubweka. Njaa ya mbwa ingekuwa na kelele ningeweza kuigombeza. Aliliweka miguuni pangu akakaa kama alivyokaa siku ile alipotoka kwenye katoni, akanitazama. Nikaingia ndani, nikachukua ugali wangu wa chai, nikampa wote. Nikajiambia ni leo tu. Leo tu! Walevi wote wa Uthiru wanalijua hilo neno.

Nimejiuliza miaka yote kwa nini mimi, na si wao. Mama Nafula alimpenda kuliko mimi, na yeye alishika ahadi; alikuwa anapita uani akijifunika uso kwa leso asimwone, akisema, "Usiniangalie, baba, usiniangalie, mimi si mtu mbaya." Ndinda alimpenda, na alikuwa akienda kukaa kanisani saa za kulisha. Mimi nadhani sikumpenda zaidi. Nilichoshindwa ni kutazamwa. Nilitaka anitazame kama alivyonitazama siku za chapati, na nilikuwa tayari alipe yeye gharama ya hiyo furaha yangu. Nilijua. Hapo ndipo siwezi kujitetea: nilikuwa pale daktari alipoeleza, na nilielewa kila neno. Kila asubuhi nilipima kikombe mbele ya watu, kidole juu ya mstari, na watu wakiondoka kwenda kazini nilipika kikombe kingine. Nikirudi jioni, nailoni ya hoteli ikawa ndani ya mkoba wa vitabu badala ya mkononi.

Na alfajiri moja, nyuma ya pazia langu, nikasikia shemeji akisema, "Jana nilikuwa nimeshika kipande cha nyama kabisa. Nimefika mpaka kwa mlango wa kibanda chake. Nikarudi."

"Ukashindwa?" Ndinda akauliza.

"Nikamfikiria huyo dada yako. Mtoto wa juzi, anasimama pale kila siku na moyo haumtetemeki. Nikasema, mimi mwanaume mzima nashindwaje?" Kitanda kikalia akijigeuza. "Tukipata mtoto, Ndinda, nataka Mwende akae na sisi. Atatusaidia kumlea."

Nilivuta blanketi mpaka juu ya kichwa. Ningetoka pale nikasema, bado zilikuwa zimebaki wiki tatu. Wiki tatu za kikombe kile zingeweza kutosha, sijui. Nilichofanya ni kuapa kwamba kuanzia siku hiyo ningekoma, na nilikoma, mpaka saa mbili.

Jumamosi ya mwisho daktari alikuja mwenyewe kwenye ploti, kwa sababu Chifu hakuweza tena kupanda wilbaro. Alikuwa ameahidi kufika saa tatu. Mimi niliamka saa kumi na mbili. Nilijua mizani itasema nini. Nikafikiri, kama watamchukua leo, asiende na njaa. Nikapika ugali wa watu wanne, nikachanganya na nyama zote za kukwangua nilizokuja nazo Ijumaa, nikakaa naye kwenye kibanda, nikimlisha kwa mkono kwa sababu kuinama kwenye bakuli kulimuuma. Alikula mpaka tumbo likakaza kama ngoma. Alikula mpaka akaacha mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaweka kichwa mapajani pangu. Nikaosha bakuli, nikalianika, nikakiweka kikombe juu yake.

Daktari alining'iniza mizani kwenye nguzo ya kamba ya nguo, wakamfunga Chifu kwenye gunia, wakamwinua wanaume watatu. Alisoma, akafuta miwani, akasoma tena. "Ameongeza kilo tatu."

"Haiwezekani," shemeji akasema. "Huyu msichana anapima. Nimemwona kwa macho yangu, kila asubuhi, mpaka kwa mstari."

Daktari akanigeukia. Hakuwa na ukali wowote. "Unapima?"

"Ndiyo, daktari."

Akanitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda, kisha akatikisa kichwa. "Basi ni mwili wake. Iko miili inakataa." Akapiga magoti, akajaribu kumsimamisha Chifu mara mbili, na mara zote mbili ile sauti ikatoka. Akasema kwa upande wake haoni njia nyingine, lakini mbwa ni wa mzee Kioko na uamuzi ni wa mzee Kioko.

Shemeji akaingia ndani. Tukadhani ameenda kulia. Akarudi na kipande cha nyama, steki nyekundu, ya chakula chetu cha Jumapili. "Baba yangu alichunga ng'ombe maisha yake yote," akasema. "Alikuwa akituambia mnyama anayekula hajakubali kufa. Daktari, akila hii, unaniachia wiki mbili nyingine. Nitajua la kufanya. Akikataa, basi amejisemea mwenyewe." Akachuchumaa mbele ya Chifu, akamsogezea nyama puani. "Kula, Chifu. Kula, mwanangu." Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo, wala mtu mwingine yeyote.

Chifu akanusa. Akalamba vidole vya shemeji mara moja, kwa heshima, halafu akageuza kichwa akakilaza kwenye saruji.

Neno lilikuwa moja tu. Ameshiba. Lilikuwa ulimini mwangu, fupi, mtoto mdogo angeweza kulitamka. Shemeji alisubiri, akasogeza nyama karibu zaidi, akasubiri tena, na Mama Nafula akaanza kuimba pambio polepole akiwa ameegemea mlango wake. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Daktari akanitazama tena, mimi nikatazama mfereji.

"Amekataa," shemeji akasema. Akasimama, akampa Ndinda ile nyama, na daktari akafungua mkoba wake. Kisha shemeji akaja nilipokuwa, akapangusa mkono kwenye suruali, akauweka begani pangu. "Usilie, Mwende," akaniambia. "Wewe peke yako ndiye ulifanya yenye tulikubaliana."